Bi Verlene Aliyeitikia Mapema

Ukitaka Bi Verlene Gaddis akununie kutwa nzima, ongeza sauti ya redio pale saluni kwake wakati wasichana wa siku hizi wanaimba. Atamwacha mteja na povu lake kichwani, atakwenda kuizima kwa kidole chenye shampuu, kisha atarudi kwenye sinki. Naapa simsingizii. Nimesuka nywele kwenye kiti cha pili cha saluni hiyo, hapa Detroit upande wa magharibi, tangu binti yangu hajaanza shule, na sasa binti yangu naye ana binti.

Si kwamba hapendi muziki. Thubutu! Anaimba akiosha, anaimba akisuuza, anaimba akipuliza kitana cha moto cha kunyooshea nywele kipoe. Ila anaimba sauti ya chini tu. Ukimsikiliza hujui ni wimbo gani, maana wimbo wenyewe haupo. Kuna "uuu" na "ndiyo mpenzi" na "usiende". Hayo mengine ujazie mwenyewe. Kwetu Tanga tungesema huyu ni mwitikiaji, na mwitikiaji hasa, wa kuzaliwa.

Kisa cha redio nilikipata kwa Bernadine Tubbs, mteja wetu wa kila Ijumaa, anayevaa kifaa cha kusikilizia na kukizima akitaka kuongea yeye tu. Siku hiyo Bi Verlene alikuwa ametoka kununua samaki wa kukaanga.

"Unajua kwa nini anaizima?" Bernadine aliniuliza, kichwa kimejaa rola.

"Sijui. Nimeuliza, nikaambulia kununiwa."

"Anaisikia sauti yake mwenyewe humo ndani."

Akanisimulia. Walikuwa wasichana watatu wa shule moja. Ozella Pruitt aliongoza, Bernadine alishika sauti ya juu, Verlene alishika ya chini. Walifanyia mazoezi chooni mwa shule, kwa sababu ya vigae. Mle ndani hata ukikohoa unasikika kama malaika. Ozella alitaka kundi liitwe kwa jina lake. Wenzake wakamwambia akaoge maji baridi kwanza apoe, wakajiita Dextrelles, kwa sababu ya barabara ya Dexter waliyokuwa wakikaa. Wakati huo kila kona ya mji huu ilikuwa na wasichana watatu wamesimama hivyo, mmoja mbele anasimulia habari za mvulana, wawili nyuma wanamwitikia na kupiga makofi.

Wimbo wao ulikuwa hivi. Ozella anawauliza wenzake: jamani, niambieni, mlimwona akipita? Wenzake wanaitikia: tulimwona. Basi. Mambo ya wasichana barazani.

Wakaenda kuurekodi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya bwana mmoja mwenye mitambo. Maikrofoni moja, wanamuziki na waimbaji wote pamoja, ukikosea umewakosesha wote. Verlene alikuwa akihesabu mapigo kwa kidole gumba cha mguu. Sasa mama yake alikuwa amemlazimisha avae viatu vya dada yake, vile vya kung'aa, ati mtu haendi kazini na raba. Viatu vikambana. Katikati ya wimbo kidole kikamwuma, akakitikisa ili kipumue, na ule mtikiso akauhesabu kama pigo! Ozella hajamaliza swali lake, Verlene huyo, "tulimwona", peke yake, na sauti yake nzito kama ya mtu anayefungua geti.

"Mkarudia?" nikamuuliza Bernadine.

"Turudie na nini? Kundi jingine lilikuwa limekaa kwenye ngazi linasubiri. Yule bwana akasema imetosha, wafuatao!"

Santuri ikatoka na kosa lake. Ikapigwa redioni majira yale yote ya joto, watu wa Detroit wakaicheza mashuleni na barabarani, halafu ikafifia. Kurekodi santuri ya pili hawakuitwa. Siku walipoambiwa hawaitwi, wakiwa kwenye gari la baba yake Ozella, Ozella akageuka kutoka kiti cha mbele akasema: "Verlene, wewe ndiye uliyetufungia mlango." Mwaka uliofuata akaolewa, akahamia California. Salamu za Krismasi zikawa zinakuja. Lakini Verlene hakuimba tena mbele za watu. Hata kwenye kwaya ya kanisani anajificha safu ya nyuma kabisa, nyuma ya mama mmoja mnene.

"Na redio?" nikasema.

"Mwanasha mwanangu, huna masikio? Wasikilize hawa wa siku hizi. Mmoja anaimba, na kabla hajamaliza, sauti ya chini inamkata kauli. Verlene kila akisikia anadhani wanamcheka."

Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza. Loo! Alisema kweli. Nyimbo za kwenye simu ya mjukuu wangu, ukiondoa makelele ya mashine, unawakuta walewale wasichana watatu: mmoja analia na mapenzi, wawili wanampa ukweli wake, makofi, mikono inakwenda upande mmoja. Nguo tu ndizo zimepungua. Na ile sauti inayoingia kabla ya wakati, imo. Mimi sisemi wote wamemwiga Bi Verlene. Mji ulikuwa na wasichana wengi, na nani ajuaye nani alimsikia nani. Lakini watoto hawa wamefunzwa na waliofunzwa na watu waliokuwa wakicheza barabarani majira yale. Jambo haliji hivihivi.

Basi mwaka huu, majira ya kuchipua, Ozella akarudi. Amefiwa na mume, amekuja kukaa na mdogo wake. Na kina mama wa kanisani, hawana dogo, wakatangaza kwamba Siku ya Wanawake ya kanisa lao, kwenye chakula cha mchana, Dextrelles wataimba. Ozella alikubali kwa simu palepale. Bernadine alikubali kabla hajaulizwa. Bi Verlene akasema hapana. Akasema hapana Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na Ijumaa akiwa anampiga Bernadine draya akasema, "Sawa. Lakini nitaingia panapotakiwa."

Jioni tukifagia nywele akaniambia la moyoni. "Sha, mimi nataka niuimbe ule wimbo sawasawa kabla sijafa. Mara moja tu. Ozella akiwa amesimama palepale, asikie kwamba naweza."

"Unakufa lini, Bi Verlene? Nijue nitafute kiti kwingine."

"Mpumbavu wewe," akasema, lakini hakucheka. Nikaona macho yake, nikaacha mzaha. Mwanamke huyu amezika mume, amelea watoto watatu na kuwasomesha kwa kuosha vichwa vya watu, saluni yake haijawahi kufungwa siku ya kazi, na kitu kinachomkaa kooni ni neno moja tu la kwenye gari. Roho iliniuma, siwezi kuficha.

Akaanza mazoezi. Viatu bapa vya manesi, kidole gumba kinagonga sakafu, tap, tap, tap, na wateja chini ya draya wanagonga naye bila kujua. Nikajaribu kumsaidia. Nikamwekea simu sikioni, wimbo wa wasichana wa sasa, nikasema sikiliza hapo.

"Wamekosea," akasema.

Nikamwekea mwingine.

"Nao wamekosea."

"Wote?"

"Wote. Nipishe nifanye kazi."

Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba Ozella hakuja kufanya mazoezi hata siku moja. Alipopigiwa simu akajibu, "Wimbo tunaujua. Tutakutana hukohuko." Bi Verlene akakata simu, akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo asilolifanya kamwe. "Haniamini," akasema. "Anaona nitamharibia tena, hataki kuona mapema." Bernadine alimwambia asijitie presha bure. Hakusikia.

Siku ikafika. Mimi swala yangu nasali msikitini, lakini chakula cha Siku ya Wanawake sijapata kukikosa. Wananiwekea hata mboga zangu zilizotiwa nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, mbali na zile zenye nyama ya nguruwe. Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa nguo nyeupe na kofia, kofia nyingine ukikaa nyuma yake huoni kitu. Kuku, makaroni ya jibini, pai ya viazi vitamu. Bi Verlene hakutia kitu mdomoni.

Ozella akaingia mwisho, ana fimbo, ana rangi ya mdomo nyekundu kama ya msichana. Akamkumbatia Bernadine. Akampa Bi Verlene mkono, akamtazama miguuni, akasema, "Viatu vizuri." Bi Verlene alibadilika rangi. Nami nikasema moyoni, bibi wewe, umetoka California kuja kumchoma mwenzio kwa viatu!

Mpiga piano akaanza. Makofi yakashika, ukumbi mzima, maana watu wa hapa hawafundishwi kupiga makofi. Ozella akafungua mdomo, na sauti, ingawa imekwaruza, ikatoka na maringo yake yote. Niliona kidole cha Bi Verlene kikigonga ndani ya kiatu bapa. Midomo imefungwa, amejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Anahesabu. Ozella akafika kwenye swali: jamani, niambieni, mlimwona…

"Tulimwona!"

Haikuwa sauti ya Bi Verlene. Ukumbi ndio ulioitikia. Wale bibi wenye kofia, sahani mapajani. Mama wa jikoni, mwiko mkononi. Wasichana wadogo waliobanana kwenye meza ya pai, ambao mama zao hawakuwa wamezaliwa santuri ile ilipotoka. Wote, kwa sauti nzito ya chini, na wote mapema. Palepale alipokosea yeye kwenye santuri. Kisha, Ozella alipomaliza swali, Bi Verlene akaingia panapotakiwa, safi kabisa, peke yake. "Tulimwona." Ikasikika kama mtu aliyefika kwenye harusi watu wanaosha sahani.

Ozella akainua fimbo. Piano ikanyamaza. Bernadine akagusa kifaa chake cha sikio, nadhani alidhani kimeharibika.

"Verlene Gaddis," Ozella akasema.

"Nipo."

"Umechelewa."

Watu wakacheka. Bi Verlene hakucheka. Akasema, "Nimeingia panapotakiwa, Ozella. Kwa mara ya kwanza nimeingia panapotakiwa."

"Panapotakiwa na nani? Mimi ndiye ninayeuliza swali, mimi ndiye ninayejua nataka kujibiwa lini." Akamgeukia kabisa, ukumbi kaupa mgongo. "Kule California nimeimba na wanawake chungu nzima. Kila nikiuliza, wananisubiri nimalize. Wana adabu hao! Hakuna hata mmoja aliyenijibu kabla swali halijatoka mdomoni. Rafiki yako anayekujua hasubiri umalize kuuliza, Verlene. Wimbo wenyewe ndio huo. Uliujua wewe peke yako, tena kwa sababu ya viatu."

"Uliniambia niliwafungia mlango."

"Nilikuwa mtoto, nina hasira, sina wa kumlaumu. Na wewe ukayabeba maneno yale mpaka leo?"

"Nimeyabeba."

"Haya, yatue." Na sauti ya Ozella ikakatika kidogo. "Nisamehe. Yatue hapo chini, tuimbe."

Bi Verlene alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha mezani. Mimi pia, nisiseme uongo. "Ungeniambia mapema," akasema.

"Mapema ni kazi yako," Ozella akamjibu.

Ukumbi ulipasuka. Mama wa jikoni alipiga mwiko mezani. Bi Verlene naye akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha yule msichana wa chooni shuleni. Akainama, akavua viatu vya manesi kimoja kimoja, akavisukuma chini ya piano. Wakaanza upya. Na safari hii Ozella hata hakufika nusu ya swali. Verlene alikuwa ameshajibu, akaitikia mbele ya ukumbi mzima, ukumbi ukabaki kumfuata nyuma. Waliuimba mpaka pai ikapoa.

Jumatatu saluni hufungwa. Jumanne nilimkuta ameshafungua, na redio inaimba. Nikasimama mlangoni na mkoba wangu, nikadhani nimekosea jengo. Wasichana wa siku hizi walikuwa wakilia na mapenzi yao, na mteja wa kwanza alikuwa ameinamisha kichwa kwenye sinki. Mikono ya Bi Verlene ilikuwa kwenye povu. Kiongozi akaanza kuuliza, na ile sauti ya chini ikamkata kauli.

Bi Verlene akatega sikio. Akatikisa kichwa.

"Amechelewa kidogo," akasema, akaendelea kusugua.