Riyadh: nilivyonyoa nyasi za bosi zikiwa usingizini

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Kuna mtu aliuliza humu, baridi ikiisha mnaanza kukata nyasi lini. Nimeona majibu ya kujiamini kweli kweli. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Someni kwanza yaliyonikuta, na sijaongeza chumvi. Ingekuwa ya kutunga ningejipa akili zaidi.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kinangop. Nilikaa Jeddah miaka mitatu, nikilala Al-Mahjar na kutunza bustani ya compound moja.

Jeddah nyasi hazijui baridi. Januari unakata, Julai unakata, Desemba unakata jasho likikuingia machoni. Kwetu Kinangop nyasi hungoja mvua, na isitoshe mashine ya kule ni ng'ombe.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Suleiman, Mzanzibari mzaliwa wa Jeddah mwenye kitalu cha miche pale Al-Mahjar. Alinifundisha kila kitu, ila alisahau kuniambia kwamba Riyadh ni nchi nyingine.

Januari nikapata kazi kwenye villa huko Al-Malqa, Riyadh. Dereva, wakuu. Kazi niliyoiota siku zote.

Trial ilikuwa miezi mitatu. Baba, ndivyo tunavyomwita bosi, akiridhika anahamisha ikama yangu, yaani kibali cha kuishi, iwe chini yake. Asiporidhika narudi kwa kafili wa zamani, mdhamini wangu wa Jeddah, ambaye alishaniambia nikirudi ni uwanja wa ndege moja kwa moja.

Siku ya interview Baba akauliza kama bustani naiweza pia. Nikajipiga kifua. Nikasema Jeddah nilikuwa muhandis wa nyasi.

Kufika nikakuta nyasi zenyewe kahawia kama mkeka mkuukuu. Nikamlaumu kimoyomoyo aliyekuwepo kabla yangu, kwamba ameziua akakimbia. Na Madam, mkewe Baba, alishanieleza kwamba binti yao anafunga ndoa wiki mbili baada ya Idi, na wanawake wa ukoo mzima watakaa pale bustanini.

Mwanzoni mwa Februari familia ikaenda kupiga kambi jangwani, wenyeji hupenda hivyo wakati wa baridi. Nikampigia Baba kumuuliza hizi nyasi nizifanyeje. Network mbovu, upepo unavuma kwenye simu.

"Hallih naim," akasema.

Nikaomba arudie. "Naim, naim. Hallih. Halas." Halas ni basi, na simu ikakatika.

Sasa hilo neno naim nalijua vizuri. Kinyozi mmoja wa Kandara, ile ya Jeddah, aliniuliza "naim?", nikajibu ndiyo kwa adabu tu, nikatoka dukani kichwa kinang'aa. Naim ni laini. Hallih ni ifanye iwe. Ifanye iwe laini. Nani asiyeelewa hapo?

Nikashusha kisu cha mashine hadi mwisho. Nikapita kwa urefu, nikapita kwa upana, nikamalizia na reki. Adhuhuri bustani ilikuwa kipara. Nikapiga picha nikamtumia Bwana Suleiman, nikingoja pongezi.

Akapiga simu yeye mwenyewe. Aliuliza kwanza kama kuna ujenzi unaendelea. Nikamweleza agizo, akataka nilitamke lile neno kama nilivyolisikia. Nikalitamka.

"Ndugu yangu, hiyo si naim ya kinyozi," akasema. "Ya kinyozi ina herufi ain, yatoka kooni. Huyo bwana kakwambia zimelala, ziache zilale. Wewe umemnyoa mtu yumo usingizini."

Kumbe hallih ni "ifanye" na pia ni "iache". Na kumbe usiku wa Riyadh baridi ni kali, nyasi hulala, na yale majani makavu ndiyo blanketi lake. Mizizi chini iko hai. Mimi nimezivua blanketi Februari.

Nilikaa kwenye ngazi. Niliogopa, wakuu, niliogopa kabisa. Nilimfikiria mama yangu, ambaye nilimwambia safari hii nimetulia.

Kesho yake ukaja upepo wa vumbi. Familia iliporudi ilikuta nusu ya bustani iko sebuleni. Madam alianza kufuta vumbi kwenye vikombe vya kahawa, kimoja kimoja.

Nikamwambia Baba ukweli wote, hata ule uongo wa muhandis. Alisikiliza huku anaangalia udongo. Hakufoka. Akanijibu polepole, vile watu husema na mtoto.

"Zikiamka kabla ya siku ya binti yangu, unabaki. Zisipoamka, mafi nyasi, mafi wewe." Mafi ni hakuna.

Basi nikawa nesi. Bwana Suleiman alinikataza mbolea, akasema nizimwagie maji kidogo tu mchana na nisubiri. Dalili ni moja: siku nitakayolitupa blanketi langu mwenyewe usiku, nazo ziko karibu kuamka.

Kila asubuhi nilipiga magoti nikichunguza ardhi pua ikigusa udongo. Mlinzi wa jirani alidhani nimesilimu. Alikuja kwa upole kunionyesha kwamba kibla kiko upande mwingine.

Katikati ya Ramadhani nikaamka blanketi liko sakafuni. Siku mbili baadaye nikaona vichwa vya kijani, vidogo kama ncha ya sindano. Nililia, na sioni haya kusema.

Kufikia Idi zilikuwa zimejaa. Jua lilizifikia vizuri kwa sababu ya kile kipara, lakini msinisifu, ni bahati.

Zikafika vidole vinne. Baba akasema sasa kata. Nikashindwa, wakuu. Nilishika mashine, miguu haiendi. Nikamwomba anionyeshe urefu kwa vidole, nikampiga picha akiwa ameinua vidole vitatu. Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Ndoa ilifungwa, wanawake walikaa kwenye kijani.

Wiki iliyofuata ikama ikatoka. Nikaisoma mara mbili. Jina langu, jina la Baba, na kazi: mtunza bustani. Nikamuuliza kwa heshima, na udereva je?

"Dereva nitampata popote," akasema. "Mtu anayeziogopa nyasi zangu namna hii, nitampata wapi?"

Funzo ni kwamba kuuliza si ujinga, hata mara ya tatu. Jeddah kata mwaka mzima. Riyadh subiri mpaka kijani kizidi kahawia, na ukianza punguza theluthi tu. Hali ya hewa ya jana usiihamishie leo.

Walioko Abha kwenye ukungu, Tabuk kwenye baridi, Dammam, na hata nyumbani, ninyi mnaanza lini? Semeni mapema, maana nyasi zimerefuka tena na Baba hashiki simu.