Mstari Niliouchora Vibaya

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure. Nina saiba hapa Rongo, njia ya kwenda chuo kikuu. Nina kompyuta tatu, printa moja nzuri na nyingine ya kunitia wazimu, na mashine ya kufunga karatasi kwa plastiki. Wanafunzi huja na kazi zao, lakini kinachonilisha hasa ni programu za mazishi. Mtu akifariki, familia huleta picha na habari za maisha yake zilizoandikwa kwa kalamu kwenye daftari, mimi nachapa, napanga, natoa nakala kabla ya Ijumaa. Sijawahi kufuta hata moja kwenye kompyuta.

Kwa hiyo watu wa jina letu walipoanza kutafutana mwaka juzi, kazi ya ukatibu ilinifuata yenyewe. Aliyeanzisha kundi la simu ni mfanyabiashara wa ng'ombe wa Ogwedhi, ambaye alikutana mnadani na mtu mwenye jina kama lake na pua kama yake. Baada ya miezi michache tulikuwa watu wa Rongo, Uriri, Oyugis na Homa Bay mjini. Tulitaka kujua jambo moja tu: je, sisi sote tulitoka kwa mzee mmoja, au ni jina tu lililotukutanisha? Tulikutana Jumapili alasiri, maana Jumamosi Wasabato hawashikiki, na Jumapili asubuhi sisi Wakatoliki tuko misa. Mmoja alileta cheti cha ubatizo kilicholiwa na mchwa, mwingine kipande cha kitambulisho cha babu yake. Mimi nilileta wafu wangu wote kwenye flashi.

Ugomvi ulikuwepo, usidhani. Kulikuwa na wazee wa Uriri waliotaka kila mtu aandikwe mahali alipolelewa. Nikawajia juu. Nikasema kama tunatafuta ukweli, basi tuandike damu, aliyemzaa mtu ndiye baba yake, tuache kufunika funika. Vijana walinipigia makofi. Hoja ikapita, nami nikarudi nyumbani kifua mbele.

Nilikuwa na mtu wangu akilini, ndiyo sababu.

Babu yetu alizaa wavulana wawili. Yule mkubwa alifariki kijana, akaacha mke ambaye hakuwa amepata mtoto. Mdogo wake ndiye baba yangu. Kwa desturi yetu Wajaluo, nyumba ya marehemu haiachwi izimike, ndugu yake huishika. Baba aliishika, na yule mjane, tunayemwita mama mkubwa, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto huyo kwa desturi ni wa marehemu, si wa baba yangu. Lakini macho hayajui desturi. Ana paji la uso la baba, ana mwendo wa baba, hata kikohozi. Ana mashine ya kusaga unga karibu na Oyugis, na akitoka mle ndani na nyusi nyeupe kwa unga, moyo wangu huruka, nadhani ni baba amefufuka.

Mimi nina kaka watatu wa tumbo moja, wote wakubwa wangu, na utoto wangu mzima ulikuwa kuchokozwa na kusukumwa. Huyu wa mama mkubwa ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto. Ndiye aliyeuza kuku wake ninunue sare ya shule. Aliniita dada. Kwetu mtoto wa ndugu ya baba yako hukuita dada pia, lakini mimi nililisikia neno hilo kwa namna yangu. Nilimtaka awe kaka yangu kabisa.

Nilipofika kwenye ukurasa wetu nilimpigia simu. Nikamuuliza nimwandike wapi. Akasema niandike ninavyojua. Nami, kichwa kigumu, nikavuta mstari kutoka kwa baba yangu mpaka kwake, karibu na mimi. Chini ya jina la yule marehemu nikaweka alama ndogo ya msalaba, na mstari wake ukaishia hapo. Niliona nimempa ndugu yangu zawadi, haki ya Mungu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ana duka la mabati na misumari Migori mjini, hakuwahi kujali mambo ya kundi. Mara akaandika kwamba kazi ni safi sana, anaomba nakala kubwa, iliyofungwa plastiki, yenye sahihi yangu ya ukatibu. Nilifurahi mno. Niliichapa kwa wino mpya, nikaipitisha mashineni polepole isipate mapovu, nikaituma kwa pikipiki.

Wiki mbili baadaye mke wake alinipigia simu, sauti ya chini, akiwa amejifungia jikoni. Shamba la babu kule Oyugis bado liko kwa jina la babu. Nusu ni ya nyumba ya yule marehemu, na hapo ndipo mama mkubwa anaishi, hapo mwanawe amejenga na kuweka mashine. Nusu ya pili ni ya nyumba ya baba. Kaka zangu sasa walikuwa wanakwenda kwa chifu kuomba barua ya warithi, ili wapeleke kortini. Na ushahidi wao ulikuwa chati yangu. Kwamba mtoto mkubwa wa babu alikufa bila mtoto. Kwamba nyumba ni moja tu, ya baba, yenye wana wanne, na shamba lote ligawanywe mara nne. Mashine ya kusaga ingeangukia upande wa kaka wa pili. Mama mkubwa angebaki mgeni pale alipozeekea.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mwanafunzi mmoja alikuwa anasubiri nakala zake, nikamwambia aende zake, leo sifanyi kazi.

Kesho yake nilikuwa Migori, dukani kwa kaka. Nilifika nikiwa nimepandwa na mori, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ni mwizi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alinivutia kiti, akaagiza soda, akanikumbusha kwa upole kwamba mimi ndiye niliyepigania damu iandikwe, kwamba kundi zima lilinisikia. Halafu akainama karibu.

"Chifu atakuuliza kama ni wewe uliyeandika, na kama ni kweli," alisema. "Jibu ndiyo, basi. Na wewe pia tutakukatia kipande."

Nitakuwa mwongo nikisema sikukifikiria kile kipande. Sheria inamtambua binti, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunitajia shamba. Mimi na mume wangu tunalipa kodi ya nyumba hadi leo. Njia nzima ya kurudi Rongo nilikuwa napanda mihogo na karanga kichwani. Na mbaya zaidi, sikuombwa niseme uongo. Niliombwa niseme kitu ambacho kila mtu kijijini anakijua. Hapo ndipo nilipokwama, siku tatu nzima, nikiwafokea wateja bila kosa.

Nilimpigia simu mwenye mashine. Nilitaka anitukane, nipumue. Aliniambia tu kwamba Alhamisi, siku tuliyoitwa sote, atafunga mashine saa tatu amlete mama yake kwa chifu, kwa kuwa miguu yake haina nguvu siku hizi. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Nililia chooni.

Jumatano nilifungua faili la programu ya mazishi ya baba. Ile sikuletewa na mtu. Baba alinitamkia maneno mwenyewe akiwa mgonjwa, kitandani, kwa sababu hakuamini wanawe wangeyapanga maisha yake sawasawa. Nilisoma mpaka mstari niliokuwa nimeusahau, au niliojisahaulisha: "Alijaliwa watoto wanne, na akalinda boma la kaka yake mpaka mtoto wa kaka yake alipoweza kulilinda mwenyewe."

Watoto wanne, maana yake kaka zangu watatu na mimi. Na hapo nikakumbuka vizuri. Siku ile nilikuwa nimeacha kuchapa, nikamuuliza, "Baba, si watano?" Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Akasema niandike alivyosema. Niliandika, lakini sikukubali, na miaka yote ile ubishi ulikaa ndani yangu. Chati ilipokuja, niliumalizia ubishi wangu na baba wakati hana tena mdomo wa kunijibu. Aibu iliyonishika sijui nikuelezeje.

Ofisi ya chifu ilikuwa na viti vya plastiki na dirisha moja. Kaka zangu watatu walikaa upande mmoja wamevaa koti. Upande wa pili alikaa mama mkubwa na kitambaa chake cheupe cha kanisani, mwanawe karibu naye, unga bado uko masikioni. Wazee wawili wa kijiji walikaa nyuma. Chati yangu ilikuwa mezani, inajikunja, kaka akaibana kwa simu yake upande mmoja na kwa mhuri wa chifu upande mwingine. Ilikuwa nzuri. Ilinichukiza jinsi ilivyokuwa nzuri.

Chifu aliuliza nani ameiandika. Nikasema ni mimi. Akauliza kama niliyoandika ni kweli.

Nikasema nimekosea. Kaka mkubwa akageuka polepole, akaniuliza nimekosea wapi. Je, huyu hakuzaliwa na baba? Aseme yeyote mle ndani. Nikatoa programu ya mazishi, nikasoma ule mstari kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kaka akacheka kidogo. Akasema yale ni maneno ya heshima ya mazishini, kila marehemu husifiwa, na kwamba mimi mwenyewe, katibu, ndiye niliyesema tuache kufunika funika. Chifu alitikisa kichwa kuonyesha hoja imemwingia. Niliona tumekwisha.

Ndipo mama mkubwa akaomba kusema. Alisema kwa Kijaluo, polepole, na hakumtazama kaka wala chifu. Alinitazama mimi.

"Siku niliyojifungua, baba yako alisimama nje ya mlango. Nilimwita aingie amshike mtoto. Akasema, 'Subiri kwanza, nikamwambie mwenye mtoto.' Akaenda kwenye kaburi la kaka yake. Alipotoka huko ndipo akaingia."

Kaka wa pili, yule ambaye mashine ingemwangukia, alivua kofia. Wazee walianza kuitikia, kwamba hata wao waliisikia habari hiyo kwa wazazi wao, kwamba nyumba ni mbili na zimekuwa mbili siku zote.

Chifu alinisukumia kalamu, akasema nirekebishe hati yangu mbele yao, aweke kwenye faili. Nilishika kalamu, nikajaribu kuukata ule mstari. Wino uliteleza. Ile plastiki niliifunga mwenyewe kwa mikono yangu ili isiharibiwe na mtu, na sasa hata mimi haikunikubali. Karani akanipa wembe. Nikakata taratibu, nikafuata pembe za kisanduku chenye jina lake, mpaka kikatoka chote. Chini ya jina la baba kukabaki tundu, mbao ya meza ikaonekana ndani yake. Ukweli ni kwamba sikutaka kumaliza. Nilikuwa nimemtafuta huyo kaka maisha yangu yote.

Nilikiweka kile kipande chini ya jina la marehemu, pale nilipokuwa nimechora msalaba. Chifu akakigandisha kwa gundi, akagonga mhuri. Akasema barua itaandikwa nyumba mbili. Kaka mkubwa alitoka bila kuaga, na mpaka ninapoandika haya hajapokea simu yangu. Kile kipande cha shamba sitakipata, nalijua hilo.

Nje, mwenye mashine alimsaidia mama yake kupanda pikipiki, akamfunga leso vizuri. Halafu alinirudia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama anavyoshikwa mtu wa nyumba nyingine aliyekufaa. Macho yalikuwa mekundu. Nilingoja aniite dada.

"Asante," akasema, "binti wa baba mdogo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amenipa mahali pangu sawasawa, palepale nilipopaandika mimi kwa wembe. Nikaitika.