Siku Niliyotafsiri Kirusi pale Kiseke

Aibu hii naisema mwenyewe, maana nikinyamaza jirani yangu Mama Shija ataisema kwa nyongeza, na nyongeza zake huwa ndefu kuliko habari yenyewe.

Mjukuu wangu Kabula yuko chuo, anasomea Kirusi na mambo ya nchi za Yurasia (aliniambia ni kule Ulaya na Asia zinakogusana, nikaitikia "ehee" kama mtu aliyewahi kupita huko akienda Misungwi). Mimi niliishia darasa la tatu, lakini Kirusi hicho nilikivaa kama kitenge kipya: bombani, kanisani, msibani, popote penye masikio. Tatizo lilikuwa mwanangu Masanja, baba mkubwa wa Kabula, ndiye anayemsomesha. "Mama, huku ziwani Kirusi ataongea na sato?" Akasema Jumatatu anampeleka kujaza fomu za uuguzi, yamekwisha. Mtoto akalia mpaka macho yakawa nyanya.

Basi Jumamosi ile mashine ya kikundi chetu cha akina mama, ya kukamulia alizeti, ikakwama katikati ya kazi. Ni ya mtumba, imetoka Urusi, ina kibao chenye maandishi mekundu ambayo hata fundi wetu huyapita kama mlevi anavyolipita kanisa. Na siku hiyo fundi alikuwa msibani, simu haipatikani. Wenzangu wakasema tumsubiri. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

"Tumsubiri wa nini, na msomi tunaye?"

Nikatuma Kabula aitwe, halafu kwa kiherehere changu nikampigia na Masanja, aje aone kwa macho yake kama mtoto huyu ni wa kutolewa chuo. Akaja na kaunda suti ya krimu, yuko njiani kwenda kwenye sherehe ya sendofu, akasimama karibu kabisa na mashine, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Kabula akainama kwenye kibao. Anatamka herufi mojamoja, anafungua simu kutafuta neno, anarudi. Mama Shija akaguna, "Mhh! Huko ni kusoma au kutafuta chawa?" Wakacheka wote. Masanja akatazama saa. Mimi damu ikanipanda mpaka kwenye kilemba.

"Kabula, sema basi!"

"Bibi, subiri kidogo. Mstari wa kwanza unasema, kabla ya kufungua kifuniko..."

"Mmesikia?" nikapaza sauti. "Ni kufungua kifuniko!"

"Bibi, sijamaliza, kuna mstari wa..."

"Nyamaza wewe, nimeshaelewa!" (Mimi! Ambaye tangazo la kanisa nalisoma kwa kidole.) Nikanyakua spana, nikazungusha kwa nguvu zote za mkulima wa pamba, pakatoka kishindo, kifuniko kikaruka, na mafuta pamoja na mashudu yakafyatuka, yakanipita juu ya kichwa kana kwamba yananiheshimu, yakaenda kumvaa Masanja kuanzia paji la uso hadi viatu. Yalikuwa vuguvugu tu, namshukuru Mungu, la sivyo nisingethubutu kuyasimulia haya. Mama Shija alikaa chini kabisa, anajipiga mapaja kwa kicheko.

Masanja hakunitazama. Akafuta jicho moja, akauliza taratibu, "Mwanangu, mstari wa pili unasemaje?"

Kabula akainama tena kwenye kibao. "Toa presha kwanza kwa koki ya pembeni, baba. Na wa tatu... watu wasimame mbali."

Masanja akaitazama koki, ipo palepale pembeni, akajitazama na yeye.

"Huyu Jumatatu anarudi chuoni kwake," akasema. "Wa kutafutiwa shule ni wewe, mama."

Nilimfulia suti ile mara nne na harufu haikutoka. Nami nimeapa: Kabula akisoma chochote, hata karatasi ya dawa ya kikohozi, nauma upindo wa kanga mpaka afike kwenye nukta. Na akifika, namuuliza kwanza kama ndiyo ya mwisho.