Siku Saba Bila Kumgusa Sefu

Nilipokuwa mtoto nilikuwa tayari na mtoto. Alikuwa mdogo wangu Sefu, wa mwaka mmoja na nusu, na makazi yake yalikuwa kiunoni kwangu, upande wa kushoto. Mama alikwenda shambani kwenye mihogo asubuhi mapema akarudi adhuhuri, Bibi alisuka mikeka barazani, na mimi, kwa miaka yangu tisa, nilimbeba Sefu. Mpaka leo nikisimama kwa muda mrefu hukuta nyonga imejitupa kushoto kumpokea mtu ambaye sasa ana wajukuu.

Tulikaa Moa, miaka ile kabla ya uhuru. Kwetu mtoto alikingwa na homa na jua kali, lakini zaidi alikingwa na uchuro. Kuchuria ni kuliita baya kwa kulitaja au kuliiga. Ukikaa umeshika tama, mkono wako ulipigwa: "Umefiwa na nani, we?" Siku moja tulicheza mazishi ya panzi, tumembeba juu ya jani la mkungu, na Bibi akatutawanya kwa ufagio. Baya lina masikio, alisema. Ukiliigiza linadhani umelibishia hodi.

Sasa, mahali kama hapo, akaja nesi kutufundisha kuigiza.

Alikuja kwa lori kutoka Tanga, Mbondei mmoja mnene, mwenye viatu vyeupe ambavyo mchanga wetu uliviaibisha kabla hajafika barazani kwa jumbe. Alikuwa ameagiza waitwe wanawake wote wenye kulea. Alipoona sisi wasichana tunarudishwa mlangoni, alikataa.

"Sikuita wanaozaa," alisema. "Nimeita wanaobeba. Nyie, ingieni."

Tukaingia na wadogo zetu viunoni, tumevimba kwa heshima tuliyopewa. Alitufundisha kwamba moto ukimla mtoto dawa ya kwanza ni maji baridi, si majivu wala dawa ya meno. Alitufundisha kufunga jeraha. Kisha akafika kwa mtoto aliyesakamwa na kitu kooni. Akatoa mto kwenye mkoba wake, akaulaza pajani, na wanawake wakacheka.

"Mto haupigi mateke," alisema, akicheka nao. "Nani atanipa mtoto?"

Kicheko kikakatika. Niliona kanga zikivutwa, watoto wakifunikwa. Hakuna aliyesema neno uchuro, lakini lilikuwepo pale ukumbini kama mtu wa ziada.

Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na hamu ya elimu. Nilitaka kuonekana. Nikasimama, nikampa Sefu.

Nesi hakumchukua. Alinikalisha mimi mbele ya watu. "Kifudifudi pajani. Kichwa kiwe chini kuliko kiuno. Mshike taya, usimbane shingo. Sasa hapa, katikati ya mabega, kwa kiganja, hapa chini karibu na kifundo cha mkono. Leo polepole. Siku yenyewe, kwa nguvu."

"Nesi, huyo mtoto au mbuzi wa Idi?" aliuliza Bi Zena, jirani yetu, ambaye hakuweza kuuona ukimya bila kuuchokoza. Watu wakapumua. Sefu mwenyewe alikuwa anacheka huko chini, anavuta upindo wa kanga yangu.

"Akikohoa, mwacheni akohoe," nesi akaendelea. "Anayekohoa ana pumzi. Aliyenyamaza ndiye wa kumwogopea. Na usitie kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Haya. Sefu amesakamwa. Tufanyeje?"

Tukajibu wote kwa pamoja, kama tulivyozoea chuoni kwenye Kurani.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Bibi hakupiga kelele. Alimtoa Sefu kiunoni mwangu, akamgeuza, akamtazama shingo mbele na nyuma.

"Umemlaza?"

"Nimemlaza, Bibi."

"Watu wakitazama?"

"Ndiyo."

"Na huyo mwanamke alilitaja jina lake? Alisema Sefu?"

"Alilitaja, Bibi."

"Mikono yako imeshamwitia baya," alisema. "Iache ipoe. Siku saba usimguse. Ya saba tutamtolea sadaka, watoto wa chuo waje wamsomee."

Wakati ule niliona ni adhabu. Nilikuwa mkubwa nilipoambiwa kwamba Bibi alizaa saba na kuzika watano, na kwamba wawili kati yao waliondoka bila yeyote kujua sababu. Mtu aliyepita hapo habishani na uchuro ili aone kama ni kweli.

Siku zile saba sijazisahau. Mama alisema, "Msikilize Bibi yako, litapita," na kwa wiki ile Bibi akamlea Sefu mwenyewe. Sefu alinifuata kila mahali, anayumba, ananyoosha mikono nimbebe. Mimi nilificha yangu mgongoni. Alilia mpaka akapata kwikwi, na kila kwikwi nilidhani ndiyo hiyo imefika. Alipokula nilisimama mlangoni nikihesabu anavyomeza. Bibi alimpondea muhogo mpaka ukawa uji, akamtolea samaki miiba mara mbili. Hatukusemezana, lakini tulikuwa tunamtazama mtoto yule yule kwa hofu ile ile.

Siku ya saba, Bibi alinunua tende dukani kwa Mhindi na kukaanga bisi. Alikaa mkekani tangu asubuhi akitoa kokwa, tende kwenye sinia, kokwa kwenye kawa la ukindu la kufunikia chakula, lililopinduliwa kando ya goti lake. Baada ya adhuhuri, mama akiwa amechelewa shambani, watoto wa chuo wakaja na mwalimu wao, wakajaa barazani. Walisoma kwa sauti nyembamba na ya haraka, ya watu wenye macho kwenye sinia. Nilisimama kwenye nguzo. Nilisema moyoni: ikiisha dua hii, nitambeba.

Sefu alikuwa amekaa ubavuni kwa Bibi. Bibi alikuwa ameinua viganja, amefumba macho.

Sefu akakohoa. Bibi akafumbua macho. Mtoto akakohoa tena, uso ukawa mwekundu, mate yakamtoka. Anayekohoa ana pumzi, nilijiambia. Kisha hakukohoa.

Bibi alimpakata, akamtia kidole mdomoni. "Maji! Leteni maji!" Watoto waliacha kusoma mmoja mmoja. Mwalimu akasimama. Mdomo wa Sefu ulikuwa wazi kama wa mtu anayelia, lakini hapakuwa na sauti, na midomo ilikuwa inabadilika rangi.

Nilikuwa nimefika mbele yao bila kujua, mikono bado mgongoni.

"Usimguse!" alisema Bibi. Hakuwa mkali. Aliniomba.

Nikamnyang'anya. Sina neno zuri zaidi. Nilivuta mkono wa Bibi uliokuwa mdomoni mwa mtoto, nikakaa chini, nikamlaza kifudifudi pajani, nikamshika taya. Nikapiga. Mara tano, kisha nikatazama. Hakuna. Alikuwa amelegea, na nilimsikia mwanamke mmoja, jirani aliyekuja mbio, akisema, "Anamwua." Nikapiga tena. Ya pili, ya tatu. Ya nne niliipiga kwa nguvu ambayo sikujua ninayo.

Kitu kidogo kilianguka kwenye sinia la tende, kikagonga ukingo wake. Halafu Sefu akalia. Sijawahi kusikia kilio kibaya namna ile wala kizuri namna ile.

Katika zogo lililofuata, la kushukuru na la kuleta maji yasiyohitajika tena, ni mimi peke yangu niliyemwona Bibi akiiokota kokwa ile ya tende. Aliifunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha akaziondoa zile nyingine zote zilizokuwa kwenye kawa.

"Nilisema," aliniambia kwa sauti ndogo. Na ni kweli, alisema.

Mama alirudi akakuta majirani wamejaa. Kila mtu alimweleza, ila hakuna aliyejua alichouliza yeye: "Kitu gani kilimsakama?"

Bibi alinitazama. Niliyaona macho yale siku zote saba, lakini sasa yalikuwa yananiogopa mimi.

"Sijui, mama," nilisema. "Kitu tu."

Bibi alishusha pumzi. Akalikaza fundo la kanga yake. "Mwanaidi," alisema, "mchukue mdogo wako. Mikono imepoa."

Baadaye maishani nilipata kazi ya kufundisha walezi wa watoto yale yale ya nesi, na nimesoma vitabu vingi kuhusu jambo hilo. Vinasema mtoto wa umri ule hajatimiza magego, na kila anachookota hukipeleka mdomoni. Nakubali. Lakini siku ile utabiri wa Bibi ulitimia kwa tende alizonunua yeye ili usitimie, na mimi niliweza kuokoa kwa sababu wiki moja nyuma nilitaka kusifiwa. Kiburi changu kilimfaa mtoto kuliko mapenzi yake Bibi. Nimejaribu miaka mingi kulifanya hilo kuwa funzo, nimeshindwa. Ninachojua ni kwamba sote wawili tulikuwa tunamlinda, na kila mmoja alidhani ndiye aliyelibishia baya hodi.

Hivi karibuni, katika darasa moja hapa Tanga, yaya kijana alisimama kunipa mtoto wake nimlaze pajani niwaonyeshe wenzake.

"Mrudishe mgongoni, mwanangu," nilimwambia. "Tutatumia mto."

"Mto wenyewe unaitwa nani, mwalimu?" aliuliza mwingine nyuma, na darasa likacheka.

"Hauna jina," nilisema, na nikajisikia nimepunguza sauti.