Vumbi la Mpunga Uliolowa

Mwaka 1972, nikiwa na miaka minane, baba alifariki na shida zikaanza. Mama alikuwa ameshatangulia. Tukabaki wawili, mie na dada yangu, naye mwenyewe bado mtoto. Alilima mashamba ya watu bondeni, akalipwa mpunga, tukala. Siku mpunga ukiwa haba alinipakulia mie, yeye akasema kashiba. Shule niliishia darasa la tatu. Sijapungukiwa kitu. Nilinunua mpunga na korosho vijijini kwa baiskeli, Mbwara mpaka Kibiti, na leo Kibiti wananijua.

Dada aliolewa Mloka. Mumewe alipofariki, alirudi kwangu mifupa mitupu. Alikuwa na virusi, na hakuficha. Dawa alichelewa kuanza, kliniki wakamwambia kinga yake imeshuka sana, itachukua muda kupanda. Mie nilidhani kinga ni kama homa: mtu akila, akinenepa, yamekwisha.

Siku ya tatu tu akaniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu liko wapi?"

"Jembe hulinyanyui wewe. Litakuangusha."

"Basi nipe kazi ya kukaa. Mie si jiwe la kuegeshea mlango."

Kwetu mgonjwa hanyimwi kazi. Ukimnyima, umemwambia anakufa. Humpa mchele achambue, au ukili asuke, ajione bado mtu wa nyumba.

Mwaka ule mto ulipanda kabla hatujamaliza kuvuna. Mpunga tuliutoa majini kwa mitumbwi, tukauanika jua la kubabaisha, nikaupanga kwenye magunia chumba cha nyuma kisichokuwa na dirisha, maana niliogopa wezi. Nilipokuja kufungua, ulikuwa umeota ukungu, wa kijani na mweusi, na ukigusa gunia vumbi linafuka kama moshi. Mke wangu akasema, "Baba, tupa huu." Nitupe? Aliyewahi kulala njaa hatupi mpunga. Nikasema upetwe, uliosalimika tuukoboe, mbovu wale kuku.

Dada akadaka ungo. Akakaa kwenye mlango wa chumba kile, akipeta na kuwatania wanawake wanaopita: "Njooni mwone bibi harusi kapakwa poda!" Kweli alikuwa mweupe kwa vumbi la makapi, nywele na kope. Nami nilikuwa humo humo nikimtolea magunia. Nilipiga chafya, nikanywa chai, nikalala. Kesho yake vile vile.

Magunia hayajaisha, kikohozi kikamwanza. Homa za jioni, jasho, mwili ukarudi kukonda. Kila mtu akasema kifua kikuu, maana kwetu mwenye virusi akikohoa hilo ndilo jibu. Zahanati walipima makohozi, hawakuona kitu, wakasema dalili zinatosha, aanzishiwe dawa. Alizimeza zote bila kuruka siku. Jirani mmoja akaleta majani ya kujifukiza, tukamfunika blanketi juu ya chungu. Akatoka humo anahema kama aliyekimbia. Siku alipotema damu nilikodi gari, nikampeleka Dar, hospitali kubwa.

Walimpiga picha, wakamtia mpira kifuani kuchukua majimaji. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, akaja kitandani.

"Mzee, hiki si kifua kikuu. Ni kuvu."

"Kuvu ipi?"

"Hii hii ya mkate na nafaka. Imeota kwenye pafu."

"Dokta, mie sikusoma, lakini usinifanye mjinga. Pafu si mkate."

Dada akacheka mpaka akakohoa. "Mwache, mwanangu. Huyu akiambiwa moto unaunguza, sharti aushike kwanza."

Daktari akamgeukia. "Mama, nyumbani unafanya kazi gani?"

Akaniangalia kwanza mie, kisha akamjibu, "Napeta mpunga tu. Ulikuwa na ukungu kidogo."

Kidogo! Alikuwa ananisitiri hata pale, mbele ya mtu asiyetujua.

Nikauliza mbona mie sikuugua, na vumbi tulilivuta pamoja. Akasema, "Wewe mwili wako una askari, mzee. Kuvu ikiingia inakamatwa. Askari wa mama walikuwa bado hawajarudi kazini."

Dawa ya kuvu ilianza. Homa ikashuka, akaomba kambale wa kuchoma, nikajua tumeshinda. Asubuhi iliyofuata damu ilimtoka kifuani kwa wingi, hawakuweza kuizuia. Tukamrudisha Kibiti, tukamzika kabla ya alasiri.

Msibani wakaniambia ni kadari. Nakubali, mie Mwislamu. Lakini ukungu ule niliuona kwa macho yangu. Ninachojuta si kumpa kazi. Kazi aliitaka, na ilimrudishia kicheko. Najuta kwamba hakuna aliyetuambia neno fupi: mwenye kinga ndogo asikae na vumbi la kuvu. Kliniki waliniambia habari za chakula, habari za chandarua, habari za kumeza dawa saa ile ile. Hilo halikusemwa. Lingesemwa, magunia yale ningeyachoma yote, na njaa yangu ya utotoni ningeimeza. Siku hizi nalisema mie, kwenye mashine yangu ya kukobolea, kwa kila anayeleta mpunga unaonuka. Wananiona mzee nimeanza kuchoka kichwa. Nawarudishia gunia lao.

Leo ninavyo hivi: nyumba ya matofali na bati, Kibiti. Shamba la mikorosho, Mahege. Shamba la mpunga bondeni, ambalo mto hulichukua ukitaka. Mashine ya kukobolea. Pikipiki moja nzima na moja mbovu. Mke, watoto, wajukuu. Turubai kubwa za kuanikia. Na ghala jipya, lina madirisha pande zote mbili.