Mkono wa Bibi Kinue

"Hivi wewe, jirani yake ukuta kwa ukuta, hukujua kwamba Bibi Kinue hajui kusoma?" Fusae wa mtaani kwetu aliniuliza hivyo mbele ya duka la tofu, siri ilipokwisha kufichuka, wenzake wakinitazama.

Nilijua. Miaka ishirini nilimsomea barua za manispaa, naye akisingizia miwani.

Alizaliwa mwaka vita vilipoisha. Shuleni alikwenda na mdogo wake mgongoni. Mtoto akilia, mwalimu anawatoa nje wote wawili. Na yule mtoto alilia kila siku ya Mungu. Mwishowe baba yake akasema, "Msichana wa kufuma asome ili iweje?" Kaka zake wakasoma. Yeye akafuma hariri miaka hamsini hapa Kyoto, mikanda ya kimono za maharusi wa watu, akabaki na zile herufi nyepesi za watoto. Kanji, zile ngumu za watu wazima, zilimpita.

Kila alipotakiwa kujaza fomu alijifunga bendeji mkono wa kulia. "Nimeungua na mafuta," husema, na karani humwandikia.

Mwezi wa kumi akina mama wa mtaa tulikwenda kwenye makumbusho ya kanji. Alikuja, maana kubaki nyumbani kungezua maswali. Alikuja na bendeji yake. Basi binti wa pale akagawa brashi, kila mmoja aandike jina lake kwa kanji.

"Mimi nimeumia, mwanangu," akasema Bibi Kinue.

Fusae akacheka. "Umeumia wapi? Si asubuhi tu umebeba ndoo ya figili kwa mkono huo huo? Hebu tuone jeraha, bibi!" Akaivuta bendeji, kama mzaha. "Kha! Mkono mzima kama wa bi harusi! Haya, andika."

Tulicheka. Bibi Kinue akashika brashi, akaandika Kinue kwa herufi za watoto, kubwa, zimepinda. Kicheko kikakatika.

"Mjukuu wangu wa chekechea ndivyo anavyoandika," Fusae akasema.

Nami nilikuwa kando yake, brashi mkononi, nikanyamaza. Kila alfajiri naomba msamaha mbele ya Buddha, na bado roho inanisuta.

Tangu siku ile hakumfungulia mtu mlango ila mimi. Baridi ilipoingia, kifua kikambana. Nilimpelekea uji, akaonja vijiko viwili, akaniambia:

"Nikifa, mtawa wa hekalu asinipe lile jina jipya wanaloandikiwa wafu kwa kanji. Kwenye kibao changu cha ukumbusho aandike jina ninaloweza kulisoma mwenyewe."