Neno Kutoka Kitwe

Ikupa, muuza uji wa Tunduma, hakuwa amemwona bintiye Goodness kwa miaka tisa, tangu aolewe Kitwe, Zambia. Jumapili alimrekodia salamu kwenye simu, akimweleza kahawa ilivyochanua kwao Ihanda. Mjukuu, mtoto wa Goodness asiyejua Kiswahili, akajibu kwa sauti, kwa Kiingereza. Ikupa alitambua neno “stir” tu, ambalo madereva wa Zambia hulitumia wakitaka sukari ikorogwe.

“Nimemkoroga mwanangu?” alimuuliza mteja wake, mwalimu Danieli.

Danieli akausikiliza ujumbe. “Hapana, mama. Neno hili laweza kuwa kukoroga, hata kuchochea ugomvi. Hapa ni kuamsha. Mjukuu wako anasema sauti yako imemwamshia binti yako hamu ya nyumbani, amelia.”

Ikupa akaacha wateja wangoje, akarekodi tena: “Hata mimi, mwanangu. Njoo.”